Mvua ya vuli imepimwa kwa jiwe gani?

Nipo hapa njia panda tangu jana nasubiri usafiri wa kwenda Kibondo, na mtu akikwama Nyakanazi kazi yake ni moja tu: kunywa chai na kusikiliza watu.

Jana sokoni nimemkuta mzee mmoja anauza maharage. Kabla gunia halijapanda kwenye mizani ya mnunuzi, mzee akatoa kwenye kikapu jiwe la mizani la kilo 5, lile lenye mhuri wa Wakala wa Vipimo. Akaliweka. Mshale ukasoma kilo nne na robo. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mizani yako inaumwa, lete nyingine." Watu wakacheka, nyingine ikaletwa.

Aliposikia mimi ni mwandishi akanigeukia: "Na nyie wa magazeti, hiyo mvua ya vuli mnayotuandikia imepimwa kwa jiwe gani?"

Nikababaika. Habari za utabiri nimeandika mara nyingi, ila swali hilo sijawahi kumuuliza mtu.

Ndugu msomaji, vuli yetu inategemea sana Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukipata joto kuliko ule wa Sumatra, mvua huzidi, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Kwa hiyo lazima joto la bahari lipimwe. Setilaiti huona juu juu tu. Kwa chini, tangu miaka ya 1960 meli zimekuwa zikidondosha vipimo vidogo vilivyofungwa waya mwembamba wa shaba. Kipimo kinazama huku kikituma joto melini, waya ukiisha unakatika, basi, kimekwenda. Vipo pia vinavyopima na chumvi.

Sasa sikilizeni. Vipimo hivi havipimi kina. Kina kinakadiriwa kwa kuhesabu sekunde tangu kilipogusa maji. Mwendo wa kuzama ukikosewa, joto la mita 300 linaandikwa kuwa la mita 290. Na kwa kuwa kimeshazama, huwezi kukirudisha ukikague.

Wataalamu wakafanya kama yule mzee. Walidondosha vipimo hivyo karibu na chombo cha uhakika kinachoshushwa kwa kebo, chenye kupima kina kwa mgandamizo wa maji, wakalinganisha. Mwaka 1995 Hanawa na wenzake walionyesha kuwa aina zilizotumika sana huzama haraka kuliko kanuni ya kiwandani, kwa asilimia 3 na kitu. Mwaka 2007 Gouretski na Koltermann wakaonyesha kuwa kwa jumla vilisoma joto kupita kiasi.

Madhara yake yalionekana. Mwaka 2006 John Lyman na wenzake walitangaza kuwa bahari ilipoa kati ya 2003 na 2005. Mwaka 2007 wakasahihisha wenyewe: baadhi ya maboya mapya yalikuwa na hitilafu iliyoonyesha baridi, na vile vya kudondosha vilionyesha joto la ziada. Takwimu zikihama kutoka hivi kwenda vile, bahari ikaonekana kupoa wakati haikupoa.

Kuna watakaosema, "Basi wataalamu hawaaminiki." Mimi nakataa. Mzee hakuacha kuuza maharage kwa sababu ya mizani mbovu. Kosa lililopimwa linasahihishika. Linalotuumiza ni lile ambalo hakuna aliyejisumbua kulitafuta.

Lawama yangu ni kwetu waandishi. Tukipewa namba tunaikimbiza gazetini bila kuuliza imepimwa na nini, kikakaguliwa na nani, na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Halafu mkulima wa Nyakanazi ananunua mbegu kwa kutegemea kichwa cha habari. Mvua ikikataa, anayelala njaa ni yeye, mhariri ameshakwenda kwenye habari nyingine.

Kuanzia sasa nitatembea na jiwe langu: swali la yule mzee. Gari limefika, wadau. Tuonane Kibondo.