Kaa na Nge

Mtoto wa Msangano aonapo kaa mtoni na nge chini ya jiwe, hudhani ni ndugu, maana wote wana magando. Si kweli, afadhali ahesabu miguu. Kaa ana miguu kumi, na magando yake ni ile miwili ya mbele. Nge ana minane tu. Magando yake si miguu, bali ni viungo vya kando ya kinywa. Tena kaa ana vipapasio vinne kichwani, nge hana hata kimoja. Ndugu hasa wa nge ni buibui na kupe (ajabu, lakini ndivyo).

Walakini kaa ni jamaa wa mbali: wote huvua gamba wakikua. Nge hubeba watoto mgongoni. Kaa wa mtoni huwaficha chini ya tumbo.