Data za GitLab ziliokolewa kwa bahati

MOTO uliozuka Septemba 26, 2025 katika kituo cha kompyuta cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma, ambazo hazikuwa na nakala kwingineko. Swali la kwanza katika ajali kama hiyo ni kwa nini hapakuwa na nakala. La pili ni gumu zaidi, na taasisi nyingi hulikwepa: je, nakala iliyopo inafunguka?

Kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao, ilikabiliwa na swali hilo Januari 31, 2017. Usiku huo mhandisi wake alifuta data akidhani yumo katika seva ya akiba, kumbe ni seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kuhifadhi data, lakini zilipohitajika haikupatikana hata moja ya kutegemewa.

Kasoro moja yastahili kutazamwa kwa karibu. Programu ya kutoa nakala kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, ilhali hifadhidata yenyewe ilikwisha kuhamia toleo la 9.6. Programu ikagoma, na ghala la nakala likabaki tupu. Barua pepe za kuarifu hitilafu zilitumwa, nazo zikakataliwa kwa kukosa saini ya uthibitisho. Kimya hicho kikadhaniwa kuwa ni usalama.

Kilichookoa jahazi ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo aliichukua kwa mkono takribani saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Huduma ilirejea baada ya saa 18 hivi. Taarifa za miradi ipatayo 5,000 zilipotea, ingawa msimbo wenyewe, uliohifadhiwa mahali pengine, haukuguswa.

Dawa yake si ghali. Watengenezaji makini huhifadhi hali ya programu, huizima, huisoma upya na kulinganisha kila thamani. Tena hutunza mafaili ya matoleo ya zamani ili kuthibitisha kuwa toleo jipya linayasoma. GitLab, katika ripoti yake ya Februari 2017, iliweka majaribio ya kurejesha nakala, yanayojiendesha yenyewe, miongoni mwa kazi za kufanywa.