Aliyepasuliwa Tumbo Asijitibu kwa Vidonge

Miongoni mwa watu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupunguza unene, wapo ambao baada ya mwaka mmoja au miwili huona uzito umeanza kurudi. Kwa kuona haya kumrudia daktari, na kwa kuogopa dhihaka za jamaa, baadhi yao hununua kwa siri vidonge vya kukondesha. Hatuna budi kusema wazi kwamba kufanya hivyo ni kuhatarisha maisha.

Kwanza, tumbo lililopasuliwa si tumbo la zamani. Katika upasuaji ulioanzishwa na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, chakula hupitishwa kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Siku hizi mfuko unaoachwa huchukua mililita 30 hivi tu. Mgonjwa hushiba upesi, lakini mwili wake hupata kwa shida madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12. Dawa nazo hubadilika mwenendo: kidonge kilichoundwa kiyeyuke polepole huenda kisifyonzwe ipasavyo. Orlistati huzuia mafuta yasifyonzwe, na pamoja nayo huzipoteza vitamini A, D, E na K. Fentermini hupunguza hamu ya kula, lakini huweza kuongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Pili, historia ya vidonge hivi haitupi sababu ya kuviamini ovyo. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa taarifa ya wanawake 24 waliopatwa na ugonjwa wa vali za moyo baada ya kutumia fenfluramini pamoja na fentermini. Septemba mwaka huohuo fenfluramini iliondolewa madukani. Sibutramini nayo iliondolewa mwaka 2010, ilipobainika kwamba huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo, wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vinavyosifiwa kuwa ni mitishamba mitupu. Mnunuzi husoma jina la majani, akameza sumu asiyoijua.

Yawezekana mtu akauliza: je, hakuna dawa ya kumfaa mgonjwa huyu? Ipo. Mwaka 2023 watafiti wa London walitangaza matokeo ya jaribio la watu 70 ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha. Waliodungwa liraglutaidi kila siku kwa wiki 24 walipungua kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa. Lakini walipimwa kwanza, wakaangaliwa na madaktari, wakafundishwa ulaji na mazoezi. Tofauti kati ya tiba na hatari ni uangalizi huo.

Kwa hiyo, uzito ukirudi, mgonjwa amrudie daktari aliye na habari za upasuaji wake, naye achunguze chanzo kabla ya kuandika dawa yoyote. Hospitali nazo ziwaite wagonjwa wao kila mwaka, wala zisingoje waje wakiwa taabani. Na sisi jamaa zao tuache dhihaka. Kurudi kwa uzito si aibu, bali ni jambo la kutibiwa, na aibu tunayowatia ndiyo inayowapeleka kwa wauza vidonge.