Usimnyang'anye Mtoto Ufunguo



Akina mama wengi hulalamika kwamba hawawezi kumsaidia mtoto kazi ya Kiingereza aliyopewa shuleni, kwa kuwa wao hawakukisoma. Wengine wameambiwa wasiseme naye Kiswahili nyumbani, ati kitamharibia. Nawaomba, dada zangu, tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Rai hiyo ina historia yake. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Makerere, Uganda, kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Miongoni mwa misingi iliyotokana na mkutano huo ni kuwa Kiingereza hufunzwa vyema kwa Kiingereza peke yake. Mwaka 1992 mtaalamu Robert Phillipson aliupinga msingi huo, akauhesabu kuwa dhana potofu. Hapa kwetu Kenya, mtaala wenyewe wataka watoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao.

Nasi watu wa madrasa twaijua njia hii. Mwalimu husoma ibara ya Safinatun-Najaa kwa Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Kiarabu. Hatusemi kuwa Kiswahili kimemzuia mwanafunzi, twasema kimemfungulia.

Tena makosa mengi ya mtoto huzaliwa na Kiswahili kilichomo kichwani mwake, hata akikatazwa kukisema. Sisi twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa. Kiingereza kina maneno mbalimbali kwa hayo. Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga picha. Mwingereza hapigi hata kimoja. Baba na mama kwetu wote ni "yeye", ilhali Kiingereza hutenga "he" na "she". Ndipo mtoto akamwita mamake "he". Mwalimu anayeziweka lugha mbili ubavu kwa ubavu huidhihirisha tofauti kwa dakika moja. Aliyekataza Kiswahili humsahihisha mtoto kila siku pasi na kumweleza sababu.

Lakini tafsiri nayo ina mpaka. Kipindi kizima kikipita kwa Kiswahili, mtoto atajua habari za Kiingereza asikijue Kiingereza chenyewe. Tafsiri ni daraja: huvukwa, halilaliwi.

Basi mama, fanya hivi. Mtoto akimaliza kusoma kisa cha Kiingereza, mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Akishindwa, hajakifahamu, japo alikisoma kwa sauti nzuri, mrudishe kitabuni. Akiweza, na afunge kitabu, akisimulie tena kwa Kiingereza chake mwenyewe. Haya hayakutaki ujue Kiingereza. Yataka robo saa na sikio lako.

Na ikiwa mwanao huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, nendeni, baba na mama, mkazungumze na mwalimu mkuu kwa adabu. Mtoto anayefunzwa kuionea haya lugha ya mamake, hukaribia kumuonea haya mamake.

Wabillahi tawfiq.