Dokta wa kupima vumbi letu abakie hapa

Sisi watumishi wa mine tuko na swali moja kwa wakubwa wa Kinshasa, Lubumbashi na Kolwezi: mtoto wa kwetu akimaliza dokotora ku UNILU, utafiti anaendelesha wapi?

Jibu tunalijua. Anakuwa profesa associé, anapewa masaa mingi ya kufundisha, na kazi ya utafiti inabakia ya usiku. Ile kazi ya miaka mbili nyuma ya dokotora, ya kutafuta tu, wanaita post-doc, hapa kwetu kuiona ni shida. Basi anaandika Ulaya. Burse ya Marie Skłodowska-Curie, ya Umoja wa Ulaya, inalipa miezi 12 mpaka 24. Lakini nyuma ya dokotora utafiti wako usipite miaka 8, na lazima kule kuwe chuo chenye kukubali kukupokea. Hatuisemi vibaya. Vijana, andikia mukubwa wa labo mapema, mweleze projet yako kwa kurasa mbili, usingoje tarehe ya mwisho. Shida ni moja: ile burse inabeba mtu kule, na vumbi liko huku.

Tazameni Kasulo, pale Kolwezi, watu walichimba cobalt mpaka ndani ya parcelle zao. Mwaka 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti wao: wakaaji wa pale walikuwa na cobalt mingi sana mu damu na mu mkojo kupita majirani, na watoto njo walizidi. Mtu wa hapa alijua mlango gani wa kupiga hodi, na Kiswahili gani cha kuomba mama mkojo wa mtoto wake. Kazi kama ile ingefuatwa kila mwaka.

Siye, kila mwaka tunaenda ku visite médicale. Wanatoa damu, wanapiga picha ya kifua. Karatasi inarudi na neno moja: "apte". Ile hesabu ya damu inabakia ku kampani. Nani wa kutusomea, kama dokta mwenye kujua ameenda?

Franga ziko. Sheria ya mine ya 2018 inapeleka 10% ya redevance minière ku FOMIN, mfuko wa vizazi vya kesho. Tena kila kampani inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tunaomba kazi tatu tu za nyuma ya dokotora ku UNILU, miaka mbili mbili, mshahara wa kutosha, ku santé publique na ku polytechnique. UNILU njo ichague watu, si kampani. Na matokeo yasomwe ku cité, kwa Kiswahili, mbele hayajaenda kulala mu tiroir.

Wengine watasema: kwanza barabara, kwanza visima. Sawa. Lakini kisima cha karibu na usine, nani atapima maji yake?

Ku mazungumuzo ya convention collective yenye kuja tutaweka hii pointi mezani. Tunangojea wenzetu wa sendika zingine watuambie kama wanatia sahihi.