Taa Mpya Katika Bakuli la Zamani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo baada ya magharibi, akishaziacha Tegeta na Bunju nyuma yake, huingia katika giza la kweli. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: kati ya vijiji hivyo nuru ya majumba ni ya hapa na pale, na pembeni mwa lami wamo waendao kwa miguu na waendesha baiskeli waliopakia magunia ya mkaa, aghalabu bila taa wala kiakisi.

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, nilikuwa nikirudi Dar es Salaam kwa pikapu yangu kuukuu iliyotengenezwa Japani mwaka 1989. Mbele yangu ulitokea weupe mkali kama wa karabai iliyopigwa pampu kupita kiasi. Kwa muda wa sekunde tatu hivi sikuona kitu. Mwendo wangu ulikuwa kilometa 60 kwa saa, na mwanafunzi yeyote anaweza kukokotoa kwamba katika sekunde hizo nilikwenda meta 50 nikiwa kipofu. Gari lile lilipopita, nikaiona baiskeli hatua chache tu mbele ya bampa. Nilifunga breki, gari likasimama. Mzee aliyekuwa juu ya baiskeli akageuka na kuniuliza, "Mwanangu, huoni?" Sikuwa na jibu, maana wiki ile ile mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga globu za LED za namna hiyo hiyo katika taa za pikapu yangu, na nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu chuoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo najua hayawapendezi wauza vipuri wala madereva wengi: globu ya LED isitiwe katika taa ya mbele iliyoundwa kwa ajili ya globu ya halojeni, isipokuwa globu hiyo na taa hiyo zimepimwa pamoja. Siisemi kwa kuichukia diodi. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua diodi ya nuru ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa diodi nyeupe, nami naona walistahili kabisa. Globu ya halojeni hutoa takriban lumeni 15 hadi 20 kwa kila wati. Diodi nyeupe iliyo nzuri hupita 100. Lakini wingi wa nuru ni jambo moja, na mahali nuru inapokwenda ni jambo jingine.

Tuifungue taa yenyewe. Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yanayopita katika pwani yetu yana globu iitwayo H4, yenye nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa taa kali, na mwingine wa wati 55 kwa taa ya kupishana. Nyuma yake pana bakuli la kuakisi lenye umbo la parabola. Uzi wa taa kali upo kwenye fokasi ya bakuli, kwa hiyo nuru yake hurudi ikiwa sambamba na kwenda mbali. Uzi wa kupishana umewekwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma. Nuru inayopiga nusu ya juu ya bakuli huinama kuelekea barabarani. Ile ambayo ingepiga nusu ya chini na kuruka juu, machoni mwa wengine, huzuiwa na kikombe. Kwetu sisi tupitao kushoto, mpaka wa nuru hiyo huinuka kidogo upande wa kushoto, ili dereva awaone waendao kwa miguu bila ya kumchoma machoni ajaye. Hakuna nuru inayotupwa ovyo katika taa hiyo.

Sasa uutoe uzi ule mwembamba, ung'aao kuuzunguka mwili wake wote, na mahali pake uweke vipande bapa vya diodi vilivyobandikwa pande mbili za ubao. Bakuli halijui kwamba umebadilisha. Hilo huakisi tu kile linachopewa, kutoka pale kinapotoka. Chukua bakuli ambalo fokasi yake iko milimeta 25 kutoka kitovuni. Chanzo cha nuru kikishuka chini kwa milimeta 1 tu, nuru irudiyo kutoka sehemu ya kati ya bakuli huinuka kwa uwiano wa 1 kwa 25. Kwa umbali wa meta 50, imeinuka meta 2. Milimeta 1 hiyo ndiyo iliyomkosakosa mzee wa Kiromo.

Wenzetu wamelishughulikia jambo hili kwa kupima. Mwaka 2020 Ujerumani iliruhusu kwa mara ya kwanza globu fulani ya LED iwekwe badala ya halojeni, lakini kwa magari yaliyoorodheshwa kwa aina zake, baada ya kila taa kuthibitishwa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambapo diodi nyeupe haikuwapo duniani. Shirika letu la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, lina wataalamu. Naamini linaweza kuanza na aina tano au sita za taa zilizo nyingi zaidi barabarani, na matokeo yakabandikwa katika kila duka la vipuri.

Hata hivyo dereva atauliza, na ana haki ya kuuliza: nifanye nini, nami taa zangu ni hafifu kama kibatari? Hapa ndipo ninapoona makosa yetu makubwa zaidi. Mara nyingi globu haina hatia. Nuru ya uzi wa halojeni hupungua upesi mno volteji ikipungua, takriban kwa kipeo cha 3.4. Globu iliyopaswa kupata volti 13.2 ikipata 11, nuru yake hubaki asilimia 54 tu. Na volti hizo mbili hupotea wapi? Taa mbili za wati 55 huvuta mkondo wa takriban ampea 9. Penye swichi kuukuu, waya mwembamba na ethi iliyoliwa na kutu, ukinzani wa omu 0.2 watosha kula volti 1.8. Hewa ya chumvi ya pwani huila ethi polepole, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa.

Basi kabla ya kununua globu mpya, pima volteji kwenye globu yenyewe, taa zikiwa zinawaka na injini ikinguruma. Safisha ethi. Weka rilei, ili mkondo utoke moja kwa moja katika betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuiamuru rilei tu. Kioo cha plastiki kilichofifia kwa jua kisuguliwe, na bakuli lililopoteza ung'avu libadilishwe.

Kisha egesha gari mahali pa usawa, taa zikitazama ukuta ulio umbali wa meta 10. Mpaka wa juu wa nuru ya kupishana uwe sentimeta 10 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Taa ikiwa juu ya ardhi kwa sentimeta 65, nuru hiyo hugusa barabara meta 65 mbele. Kwa kilometa 80 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzuri, gari huhitaji kama meta 57 ili lisimame. Kwa kilometa 100 huhitaji zaidi ya meta 80. Walimu wa fizikia wawape wanafunzi hesabu hiyo, na ukuta wa darasa utumike jioni. Sijui jaribio jingine la fokasi linalogharimu kidogo kuliko hilo.

Kuhusu taa ndogo sina ugomvi: za ndani ya gari na za namba zinaweza kuwa za LED bila madhara. Mwenye Land Rover ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 akumbuke tu kwamba huenda ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na diodi hupitisha mkondo upande mmoja pekee. Indiketa nazo zitapepesa upesi kupita kiasi, kwa sababu flasha ya zamani ilitazamia globu za wati 21. Badilisha flasha, usiongeze vile vipande vya ukinzani vinavyochemka.

Pikapu yangu sasa ina globu za halojeni, rilei mbili na nyaya mpya. Nuru yake ni ya manjano kidogo, nami naiona barabara hadi pale ninapopaswa kuiona. Zile globu za LED nimezitundika bandani juu ya meza ya kazi, zikitumia betri kuukuu, na huko zinamulika vizuri sana.