SIMITI MPYA INATAKA SUBIRA



Wengi wenu mmeona mifuko ya simiti iliyochanganywa na jivu la volkano, na mmetuuliza: Je, ni simiti kweli, au tunauziwa udongo? Tunajibu: Ni simiti kweli, tena nzuri. Lakini ina sharti lake, na sharti hilo latuhusu sisi wafanyi kazi.

Kwanza tujue sababu. Simiti ya kawaida hutengenezwa kwa klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa tanuruni kwa moto wa digrii 1,450 hivi. Makaa hutoa gesi ya kaboni, na mawe yenyewe yakiungua hutoa gesi hiyo nyingi zaidi ya makaa. Gesi hii ndiyo inayozidisha joto la dunia. Katika kila sehemu 100 zitokazo katika kazi za wanadamu, kama 7 au 8 ni za simiti. Basi klinka ikipunguzwa, gesi inapungua. Mahali pake hutiwa jivu la volkano, ambalo Bonde la Ufa linalo kwa wingi, au udongo uliochomwa kwa moto mdogo zaidi. Warumi walijenga kwa jivu la namna hii karibu miaka 2,000 iliyopita, na majengo yao mengine yamesimama hata leo. Tena hustahimili chumvi ya bahari, jambo la maana kwa ndugu zetu wa Mombasa.

Sasa sharti lenyewe. Jivu hukaza polepole. Hushikana na chokaa inayotoka katika klinka, na bila maji haliwezi kazi hiyo. Konkriti ikiachwa ikauke mapema, nguvu zake hukomea njiani. Namba iliyo juu ya mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya siku 28, si ya siku 3. Kanuni za India zinataka konkriti ya simiti ya kawaida ilowe maji siku 7, na ya simiti iliyochanganywa siku 10. Penye jua kali na ukavu, siku 14.

Lakini kazini tunaona nini? Nyapara anahesabu siku kwa mazoea ya zamani. Genge moja liliamriwa kuondoa mbao za kalvati siku ya tatu, na maji yalikuwa yamekatwa tangu siku ya pili. Ukuta ukapasuka, na vibarua wawili wakaponea chupuchupu. Aliyeandikiwa barua ya onyo ni fundi, wala si yule aliyetoa amri.

Hatuikatai simiti mpya. Tunataka mambo manne:

1. Mafundi na vibarua wafundishwe kabla ya kuitumia.
2. Siku za kulowesha na siku ya kuondoa mbao ziandikwe, na mkubwa atie sahihi yake.
3. Maji na magunia ya kufunikia yawepo, na mwenye kulowesha Jumapili alipwe.
4. Amri mbaya isiwe kosa la fundi.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusome mfuko kabla ya kuufungua, wala tusizidishe maji katika mchanganyiko ili koleo liwe jepesi.

Wakubwa watasema siku ni fedha. Kweli, lakini ukuta ukianguka, sisi ndio tulio chini yake. Mwenda pole hajikwai.

Umoja ni nguvu.